Vitabu Ulivyosoma Viko Wapi?

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina mtu aliyeishi kweli, Charles Darwin, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1809, na nina habari za daftari lake. Jina lake wengi wenu mmelisikia darasani kwenye somo la baiolojia, na pamoja nalo mkasikia mabishano. Mabishano hayo nawaachia walimu wenu. Mimi nataka kuwasimulia jinsi mtu huyu alivyosoma vitabu, maana katika usomaji wake mna jambo linalomhusu kila mtoto anayependa kusoma, awe wa Tanga, wa Kisumu au wa Bukavu.

Darwin alikuwa na miaka 22 alipopanda meli ya matanga iitwayo Beagle na kuzunguka nayo dunia kwa karibu miaka mitano, kuanzia Desemba 1831 hadi Oktoba 1836. Meli ilipotia nanga alishuka kwenda kutafuta mawe, mifupa, ndege na wadudu. Safari hizo za nchi kavu zilitaka mzigo mwepesi, na pale ilipokuwa lazima achukue kitabu kimoja tu, mngedhani angechagua kitabu cha mawe. Yeye alichagua mashairi. Alichukua Paradise Lost, utenzi mrefu wa Mwingereza mwenzake John Milton. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Mwaka 1838, akiwa sasa anaishi London, alianza kuweka orodha mbili. Moja ya vitabu anavyotaka kusoma, nyingine ya vitabu alivyokwisha kusoma. Aliziendeleza mpaka mwaka 1860, yaani miaka 22. Madaftari hayo yapo mpaka leo, na ukiyapitia unakutana na kila namna ya kitabu: vitabu vya wanyama na mimea, vya ufugaji, habari za wasafiri wa nchi za mbali, falsafa, historia, maisha ya watu mashuhuri, riwaya na mashairi. Kitabu alichokipitia juujuu alikiandika hivyo hivyo kwamba amekipitia juujuu. Hakuona haya, kwa sababu daftari lile halikuwa la kumwonyesha mwalimu. Lilikuwa lake.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwaka ule ule wa kwanza. Ilipokaribia mwisho wa Septemba 1838, Darwin alikuwa anasoma kitabu cha Thomas Malthus kuhusu idadi ya watu. Hakikuwa kitabu cha ndege wala cha mimea. Kilieleza jinsi watu wanavyoongezeka upesi kuliko chakula chao. Darwin mwenyewe alikuja kusema kwamba alikisoma kwa kujiburudisha. Lakini hapo hapo akili yake ikashika jambo alilokuwa akilitafuta kwa zaidi ya mwaka mzima: ikiwa viumbe huzaliwa wengi kuliko chakula kilichopo, basi hawana budi kuyapigania maisha, na wenye tofauti ndogo inayowafaa ndio watakaobaki na kuzaa. Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1859. Mtu anaweza kulitafuta jibu kwenye rafu moja miaka nenda rudi, kumbe liko kwenye rafu ya jirani ambayo hajawahi kuigusa.

Na hakuishia kuandika majina tu. Kila kitabu alichonunua, mwishoni mwake, kwenye zile karatasi tupu, aliandika orodha ya mambo yaliyohusu kazi yake. Kitabu kikiwa si chake, alifanya muhtasari kwenye karatasi nyingine, na karatasi hizo zilijaa mtoto wa meza mzima. Siku alipotaka kuanza kazi mpya hakuvisoma vitabu vyote upya. Alipitia zile orodha fupi za mwisho wa vitabu, akaunganisha hili na lile. Mwanawe Francis ametueleza kwamba baba yake alikuwa hata akikikata kitabu kinene vipande viwili ili kiwe chepesi mkononi. Hilo msimuige, hasa kitabu kikiwa cha maktaba! Lakini mnaona jinsi alivyovitumia vitabu. Vilikuwa vyombo vya kazi, vina mahali pake, na alijua kila kimoja kilimpa nini.

Haya, sasa turudi kwa Milton.

Mwaka 1876, akiwa na miaka 67, Darwin aliwaandikia wanawe habari za maisha yake. Humo alisema kwamba mpaka alipofika miaka 30, au zaidi kidogo, mashairi ya aina nyingi yalimpa raha kubwa, naye alimpenda mno Shakespeare tangu akiwa mwanafunzi. Kisha akakiri kwamba kwa miaka mingi sasa hakuweza kuvumilia hata mstari mmoja wa shairi. Alijaribu kumrudia Shakespeare, akamchosha mpaka kichefuchefu. Picha na muziki navyo vilikuwa vimekaribia kupoteza ladha kwake. Riwaya bado zilimpa raha. Alisomewa kwa sauti pale nyumbani, akazifurahia, na akasema ingefaa itungwe sheria ya kuzuia riwaya zinazoishia vibaya. Hapo mimi sikubaliani naye, maana baadhi ya riwaya bora tulizo nazo zinaisha kwa machozi. Lakini la mashairi linaniuma kila nikilisoma. Alisema lau angepewa maisha mara ya pili, angejiwekea kanuni ya kusoma mashairi kidogo na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki. Aliona kwamba kupotewa na ladha hizo ni kupotewa na furaha, na kwamba pengine kunadhuru akili na tabia pia.

Yule aliyebeba mashairi nyikani, pasipo nafasi ya kitabu cha pili!

Hakuna mtu aliyempokonya. Wala hakutuambia kwamba siku fulani aliamka akaamua kuyaacha. Yalimtoka taratibu, mwaka baada ya mwaka, huku akisoma kwa bidii mambo mengine. Na hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwaomba muwe na daftari la usomaji. Watu wengi watawaambia liandikeni ili msisahau. Ni kweli, linasaidia kukumbuka. Wengine watasema ili mjue mmesoma vingapi. Hilo silijali hata kidogo. Mimi nawaomba mliandike ili siku moja mkitazama kurasa zake muone ni aina gani ya kitabu inayoanza kutoweka maishani mwenu, muione mapema, mkiwa bado mna hamu nayo na nafasi ya kuirudisha.

Basi tuliandikeje? Chukua kaunta buku, au daftari lolote lenye jalada gumu, kwa sababu litakaa nawe miaka mingi na lile la jalada laini litachakaa kwenye begi. Piga mistari kwa rula upate safu tano zinazopita kurasa mbili zilizo wazi. Safu ya kwanza weka tarehe, ya kuanza na ya kumaliza. Ya pili, jina la kitabu na mwandishi wake. Ya tatu ni aina, nayo itataka maelezo kidogo. Ya nne, kitabu kilikotoka: maktaba ya shule, maktaba ya mkoa, kwa shangazi, kwa jirani. Msiipuuze safu hiyo ya nne. Mtu anayejua kitabu amekiazima wapi hukirudisha, na anayerudisha huazimwa tena. Safu ya tano, iliyo pana kuliko zote, ni ya maneno yako wewe.

Maneno gani? Sitaki muhtasari. Muhtasari umo kwenye jalada la nyuma. Wala sitaki "kizuri sana", kwa sababu baada ya mwaka mmoja maneno hayo hayatakwambia kitu. Andika kile kilichokataa kutoka kichwani ulipokifunga kitabu. Tuseme umesoma Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, ile riwaya ya Unguja iliyochapishwa mwaka 1960, iliyotujulisha kwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Unaweza kuandika: "Wengine wote wanauona mzimu, Bwana Msa anamwona muuaji. Nataka kujifunza kutazama kama yeye." Basi, yatosha. Chini yake andika neno moja ambalo hukulijua kabla ya kukisoma, na ukurasa mmoja ambao ungependa kuurudia. Kitabu cha maktaba usikitie kalamu. Kurasa zinakaa daftarini, kitabu kinarudi kikiwa safi kwa mtoto mwenzako.

Sasa ile safu ya aina. Mwanafunzi wa sekondari anayeandika majina ya vitabu vya fasihi vya darasani anaziona aina hizo mara moja. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni riwaya. Ngoswe cha Edwin Semzaba ni tamthilia. Wasakatonge cha Mohamed Seif Khatib ni ushairi. Tumia herufi kubwa moja kwa kila aina: R kwa riwaya, T kwa tamthilia, U kwa ushairi, F kwa hadithi fupi, W kwa wasifu na tawasifu, K kwa kumbukumbu za historia, E kwa vitabu vya elimu kama sayansi, kilimo na afya. Herufi hizi si amri. Ukipenda zako, tunga zako, ila ziandike kwenye ukurasa wa kwanza ili usizisahau. (Na kwa kuwa nimemtaja Ngoswe: katika tamthilia hiyo karatasi zake za sensa ziliishia kwenye moto. Liwekeni daftari mahali salama.)

Nasikia mmoja ananiuliza: "Bibi, na kitabu kikiwa na aina mbili?"

Hapo ndipo raha inapoanza. Mtazameni Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, miaka mia moja kamili baada ya Darwin, akafariki mwaka 1962. Mtu huyu mmoja ukimsoma kwa mapana atakujazia karibu safu nzima. Aliandika riwaya, akaandika tenzi na mashairi, akaandika insha, akaandika habari za maisha yake mwenyewe, na akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, yule binti wa Unguja aliyekuwa akifinyanga na kuuza vyungu kabla hajawa mwimbaji wa taarabu aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Mtoto anayesema "mimi simpendi Shaaban Robert" baada ya kusoma kitabu chake kimoja ameukataa mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi. Amjaribu kwa herufi nyingine.

Au chukueni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa kisiwa cha Pate, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Ni ushairi, hilo halina ubishi. Lakini pia ni wosia wa mama, na kwetu sisi tunaousoma leo ni dirisha la kuonea mambo ya nyumba za pwani ya zamani. Mimi ningeuandikia U kisha K. Mwingine ataandika U peke yake, naye hajakosea, kwa sababu herufi ya pili inasema wewe ulikiingia kitabu kwa mlango gani.

Tafsiri nazo zina alama yake. Zungushieni herufi duara. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alichapisha tafsiri za tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hizo ni T ndani ya duara. Na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis alituletea Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, habari yenyewe ni ya pwani yetu na bara yetu, na sasa imerudi kwa lugha ya hapa. Hiyo ni R ndani ya duara. Wengi wenu bado ni wadogo kwa kitabu hicho, basi kiandikeni kwenye orodha ya pili.

Naam, orodha ya pili. Darwin alikuwa nayo, nanyi muwe nayo. Ligeuzeni daftari chini juu, muanze kuandika kutokea nyuma: vitabu vya kusomwa. Kila mnaposikia jina la kitabu redioni, kwa mwalimu, kwenye mazungumzo ya watu wazima, au ndani ya kitabu kingine, liandikeni na mtaje aliyewaambia. Orodha hiyo itawafaa sana siku ile mtakayosimama maktabani mbele ya rafu ndefu mkasahau kabisa mlichokuja kutafuta.

Kitabu kimoja hukuita kwenye kingine cha aina tofauti kabisa, na daftari ndilo litakaloionyesha njia hiyo. Tuseme umesoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Umeiandika T. Ukimaliza unajiuliza, je, mambo yalikuwa hivyo? Maana Hussein alitunga mchezo, hakuandika kitabu cha historia. Unakwenda kutafuta habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, unaandika K. Unasoma kwamba watu waliamini maji ya dawa yangezigeuza risasi kuwa maji, unataka kujua dawa na imani za wakati ule zilikuwaje, unamuuliza babu yako. Kwa swali moja umepita kwenye jukwaa, kwenye historia na barazani kwa babu. Mtu atakayeushika ukurasa huo wa daftari lako atakujua vizuri kuliko anayeshika ripoti yako ya shule.

Alichokwambia babu nacho kiandike. Tenga kurasa chache za simulizi za kusikia, herufi S. Jina la hadithi, nani alisimulia, wapi, lini. Mnamjua Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840? Mashairi yake mengi yangepotea kabisa. Yaliokolewa kwa sababu baadaye, katika karne ile ile, Mwalimu Sikujua alikuwa ameyahifadhi na akamsaidia mmisionari William Taylor kuyakusanya kwa maandishi. Hakuna ajuaye ni malenga wangapi waliokosa Sikujua wao. Hadithi ya bibi yako kuhusu mamba wa mto wa kijijini kwenu pengine haimo katika kitabu chochote duniani. Daftari lako huenda likawa mahali pake pa kwanza.

Mtoto mwingine ananiuliza: "Na kitabu nilichokichukia?"

Andika! Tena hicho kiandike vizuri. Sababu yangu naitoa Baghdad. Katika mji huo, mwaka 987, palikuwa na muuza vitabu aitwaye Ibn al-Nadim aliyejitwika kazi ya kuandika habari za vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua. Kitabu chake kinaitwa al-Fihrist. Alikigawa sehemu kumi: humo mna maandiko ya dini, sarufi, historia, ushairi, sheria, falsafa, na kuendelea hadi elimu ya kugeuza madini kuwa dhahabu. Na katika sehemu ya nane, pamoja na habari za waganga na wachawi, aliwapa nafasi wasimulizi wa hadithi za usiku. Hapo akataja kitabu kimoja cha asili ya Uajemi, chenye habari za mfalme aliyekuwa akioa mwanamke na kumuua baada ya usiku mmoja, mpaka alipompata Shahrazadi aliyemsimulia hadithi usiku baada ya usiku. Ibn al-Nadim hakukipenda. Alisema amekiona kizima zaidi ya mara moja, na kwamba ni kitabu hafifu chenye hadithi zisizo na ladha.

Mmekitambua? Ndicho chanzo cha Alfu Lela u Lela, hadithi ambazo wazee wenu wa pwani wamezisimulia mpaka mdomo ukakauka. Leo wataalamu wanaotafuta historia ya hadithi hizo wanayategemea sana maneno machache ya muuza vitabu ambaye hakuvutiwa nazo. Kama angesema "hiki ni kibaya, nakiruka", tungekuwa na pengo kubwa. Kwa hiyo kitabu kikikuchosha ukurasa wa 60, andika: "Nimeacha uk. 60, mwandishi anahubiri mno." Sababu iwepo, kwa sababu sababu ndiyo mali. Ukiona vitabu vitatu ulivyoviacha vyote uliviacha kwa sababu ile ile, umejifunza jambo kuhusu ladha yako. Na ukiona umeacha kwa sababu uliikuta lugha ngumu, basi huenda kitabu hakina kosa. Kinakungoja ukue.

Kuhusu kukua nina mfano ninaoupenda kuliko yote. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951. Ni habari ya nchi inayoelea angani, na ya kijana Karama anayeshtakiwa kwa sababu ameanzisha mafunzo ya sheria. Mbele ya baraza anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu na chini, na jinsi waliporudi na mambo ya kuifaa nchi yao walivyolipwa mateso. Mtoto wa miaka 12 akiisoma anaona safari sita za maajabu, naye ataandika R, "hadithi ya ajabu, nimependa aliyepanda juu". Aisome tena akiwa na miaka 20. Ataona mahakama, ataona wakubwa wanaoogopa raia wenye elimu, ataona mtu mmoja anayesema ukweli mbele ya wenye nguvu. Ataandika tena R, lakini maneno ya safu ya tano yatakuwa mengine kabisa. Ndiyo maana kitabu kikirudiwa hupewa mstari mpya na tarehe mpya. Usifute ule wa zamani wala usiuonee aibu. Mistari miwili ya Kusadikika katika daftari moja ina thamani kuliko picha zako zote za utotoni, kwa kuwa picha zinaonyesha sura tu.

Simu je? Wako wanaoandika kwenye simu, nami siwakatazi. Nasema tu simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa kila baada ya muda, na daftari la shule ya msingi nimeliona mikononi mwa watu wenye mvi. Mwenye simu anaweza kupiga picha kurasa za daftari lake, akawa na vyote viwili.

Na kuhesabu? Siku hizi watoto wanashindanishwa, nani amesoma vingi mwaka huu. Nia ni njema, lakini mimi mashindano hayo siyapendi. Mtoto anayeshindania idadi huchagua vitabu vyembamba, hukimbia utenzi mrefu, na haurudii ukurasa uliomgusa kwa kuogopa kuchelewa. Ukiwa na hamu ya kuhesabu kitu, hesabu herufi. Kila likizo inapoanza, fungua daftari, weka kidole juu ya safu ya tatu, ukishushe polepole. Ukikuta R, R, R, R, T, R, R, unajua la kufanya. Huna haja ya kuziacha riwaya, hata kidogo. Tafuta tu U moja, fupi, diwani ambayo unaweza kusoma shairi moja kabla ya kulala. Kama mashairi ya vina na mizani yanakulemea, jaribu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi cha mwaka 1974, uone mashairi yaliyoviacha vina. Kama yale huru ndiyo yanayokushinda, rudi kwa Muyaka. Na mtoto mwenye E tupu, anayesoma habari za injini na sayari tu na kudhani hadithi ni za watoto wadogo, huyo namwambia amkumbuke Darwin akiwa na miaka 67, ameshika kitabu cha Shakespeare, hasikii kitu.

Kwa wazazi wanaowasomea watoto makala hii nina neno moja. Daftari la mtoto msilisahihishe. Msitie kalamu nyekundu penye tahajia, wala msimwambie kitabu fulani hakistahili kuandikwa. Mkitaka kumsaidia, wekeni nanyi lenu, msome mbele yake, na jioni moja moja mbadilishane madaftari.

Nanyi wajukuu, msingoje Januari wala muhula mpya, na msijaribu kuandika kwa nyuma vitabu vyote mlivyosoma tangu darasa la kwanza, mtachoka na mtaacha. Pigeni mistari leo. Mstari wa kwanza mwandike kitabu mlicho nacho sasa hivi, hata kama mmefika ukurasa wa nne tu.